Jumamosi ya Al Bano na Romina, Barabara ya Casuarina

Ukienda mkahawa huu kwa ajili ya pizza, nenda siku yoyote unayotaka. Ukienda kwa ajili ya muziki, nenda Jumamosi, na ufike kabla ya saa mbili usiku, maana baada ya hapo meza za mbele huwa zimekwisha. Jumamosi ndipo wanapoimba wale wawili, mume na mke, wenyeji wa hapa hapa Malindi, nyimbo za Al Bano na Romina Power, waimbaji wa Italia waliokuwa mume na mke. Chakula ni kizuri. Muziki ni bora kuliko wote ninaousikia mjini kwa sasa, na mapungufu yaliyopo si ya waimbaji.

Nasema haya kama mtu wa kazi. Nimeshika mitambo ya sauti kwenye hoteli za ufukweni tangu zama za kanda, wakati fundi hatembei bila kalamu ya biki ya kurudishia utepe nyuma. Sanduku langu lilikuwa na kanda nyingi, lakini ya Al Bano na Romina nilikuwa naiweka peke yake, imefungwa kitambaa, isiingie mchanga. Msimu wa kaskazi, hoteli imejaa, ukiona wageni wamekaa kila meza na lake, unaweka wimbo wao Felicità. Waitaliano wanainuka. Hilo halikunishangaza. Lililonishangaza ni kwamba Wajerumani nao walikuwa wanainuka, na Waswisi, na maneno wanayajua. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma habari za hawa watu wawili, na nataka nizieleze kidogo, kwa sababu huwezi kuwapima hawa wetu wa Casuarina kwa haki kama hujui wamejitwika nini.

Al Bano jina lake ni Albano Carrisi, kazaliwa mwaka 1943 Cellino San Marco, kijiji cha wakulima kule Puglia, kusini kabisa ya Italia. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa kijana aliondoka kwao akaenda Milano kutafuta maisha, akafanya vibarua vya kila aina huku anabisha hodi kwenye milango ya muziki. Mwaka 1967 wimbo wake Nel sole ukampa jina nchi nzima, ukatengenezewa na filamu, na kwenye filamu hiyo ndipo alipokutana na Romina, binti wa nyota wa Hollywood Tyrone Power na mwigizaji Linda Christian. Mtoto wa mkulima na mtoto wa Hollywood. Wakaoana 1970, kule kule kijijini kwao mume.

Sisi wa huku tuna alama zetu za kuikumbukia miaka hiyo. Mwaka 1967 ndipo Waitaliano waliporusha setilaiti ya kwanza kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco, baharini hapo Ngomeni, na Desemba 12, 1970 ikarushwa kutoka hapo ile ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru. Waitaliano wa mwanzo mwanzo kukaa Malindi, wengi wao walikuwa watu wa mitambo hiyo. Kwa hiyo muziki huu na Waitaliano wa Malindi ni wa rika moja, na anayeona ajabu kumsikia Mgiriama akiimba Kiitaliano bila kusoma karatasi, basi hajakaa Malindi.

Sasa, jambo ambalo watu wengi hawalijui: ndoa haikuwaletea mafanikio pale pale. Wimbo wao wa kwanza wa pamoja ulitoka 1970 hiyo hiyo, kisha miaka ikapita. Italia iliendelea kumjua yeye mume zaidi, kwa ile sauti yake kubwa. Mwaka 1976 waliiwakilisha nchi yao kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, The Hague, Uholanzi, wakashika nafasi ya saba. Si haba, lakini mtu wa saba hafungiwi safari. Mlango ulikuja kufunguka 1981, waliposhika Sharazan, wimbo uliovuka mpaka ukaingia kwenye chati za nchi za Kijerumani. Mwaka uliofuata, 1982, wakaenda Sanremo, tamasha la mashindano ya nyimbo la Italia, na Felicità. Hawakushinda. Aliyeshinda ni Riccardo Fogli, wao wakawa wa pili. Lakini huo wimbo wa pili ndio uliochukuliwa na Ulaya nzima, na ndio ule niliokuwa nauweka Wajerumani wakaacha sahani zao. Miaka miwili baadaye, 1984, wakarudi Sanremo na Ci sarà, na safari hiyo wakashinda. Mwaka 1985 wakaitwa tena Eurovision, Göteborg, Uswidi, wakawa wa saba tena, na kufikia hapo hiyo namba saba ilikuwa haina tena cha kuwapunguzia.

Kwa nini wao? Nimelifikiria sana swali hili nikiwa nyuma ya miksa, ile mashine ya kusawazisha sauti, na jibu langu ni la mtu wa sauti. Kwanza, zilikuwepo njia za kupitia. Ujerumani ilikuwa imejaa vibarua wa Kiitaliano tangu ule mkataba wa kazi wa mwaka 1955 kati ya nchi hizo mbili, na Wajerumani wenyewe walikuwa wanakwenda likizo kwenye fukwe za Italia kila kiangazi. Mtu anarudi kwao na wimbo kichwani, anataka kuusikia tena. Halafu waliimba kwa Kihispania pia, Hispania na Marekani ya Kusini zikawapokea. Hata Urusi ya zama za Kisovieti iliwapenda, na inawapenda mpaka leo.

Lakini njia peke yake haitoshi, walikuwapo Waitaliano wengi wakati ule waliokuwa na njia hizo hizo. Hawa wawili walikuwa na sauti zisizolingana. Mume ana koo la kujaza uwanja bila kipaza sauti. Mke ana sauti ndogo, ya chini, yenye pumzi ndani yake, kama mtu anayekusimulia jambo mezani. Ukimweka fundi mbele ya sauti mbili kama hizo, wazo lake la kwanza ni kuzisawazisha: ampandishe huyu, amshushe yule. Kwenye rekodi zao hawakufanya hivyo. Walimwacha Romina awe mdogo, na Al Bano akawa anajizuia mpaka pale wimbo unapomwita. Kwa hiyo msikilizaji wa kawaida, asiye na sauti, anapata mtu wa kuimba naye. Huwezi kuimba pamoja na Al Bano, labda uwe umezaliwa na koo kama lake. Na Romina kila mtu anaweza. Mama mpishi anaweza, dereva anaweza, Mjerumani asiyejua Kiitaliano anaweza. Na maneno ya nyimbo walizotungiwa na kina Cristiano Minellono, Dario Farina na Gino De Stefani ni ya vitu vya mkononi: kushikana mikono, mvinyo na kipande cha mkate, kikaratasi kilichoachwa ndani ya mtoto wa meza. Hakuna neno la kumshinda mgeni.

Hilo ndilo ninalolitafuta kila ninaposikia watu wakiziimba nyimbo hizi, na nimesikia wengi. Hoteli nyingi nilizofanya kazi, mwanamume alikuwa anamfunika mwenzake. Anapanda juu kuanzia ubeti wa kwanza, anafumba macho, mke au dada wa watu anabaki kupiga makofi pembeni. Wageni wanashangilia kwa sababu ya kelele, kisha wanarudi kwenye mazungumzo yao.

Hawa wa Casuarina hawafanyi hivyo. Bwana anapiga kinanda na kuimba. Umri wake ni kama miaka arubaini, mpana wa kifua, na sauti anayo kweli kweli. Bibi anasimama mkono wake wa kulia, hana madoido, leso kiunoni juu ya gauni jeupe. Mtazameni kinapoingia kiitikio. Bwana anausogeza mdomo wake mbali na kipaza sauti, upana wa kiganja na zaidi, na wakati huo huo mkono wake wa kulia unaacha kupiga, inabaki sauti moja tu ya besi ikitembea. Hapo sauti ya bibi inakuwa peke yake mbele, kavu, unasikia anavyovuta pumzi. Anaimba mistari yake miwili. Halafu bwana anarudi, si kwa nguvu, anaingia chini yake, na nguvu anaiachia kwenye neno la mwisho tu. Mimi nilikaa karibu na jukwaa nikiwatazama mikono. Hakuna fundi anayewarekebisha, hakuna mtu kwenye miksa. Wanajirekebisha wenyewe kwa umbali wa mdomo na kipaza sauti, namna walivyokuwa wanafanya waimbaji wa zamani kabla ya mitambo kurahisisha mambo. Kazi hiyo haifanyiki bila mazoezi ya miaka, nyumbani, usiku, watoto wamelala.

Kiitaliano chao ni cha Malindi, cha kujifunza kazini, na ni kisafi. Kwenye meza ya pili kulikuwa na wazee wa Kiitaliano wanaoishi hapa mjini, watu ambao kwa kawaida hawasifu kitu chetu haraka. Bibi mmoja wa meza ile aliacha uma wake akaimba Sharazan kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yao vijana wa Shela na Maweni, waliozaliwa hata kanda hawajawahi kushika, walikuwa wanaimba nao.

Stima ilikatika katikati ya Nostalgia canaglia, ule wimbo uliowapa akina Al Bano nafasi ya tatu Sanremo mwaka 1987. Jenereta ya mkahawa ilichukua muda kuwaka. Kinanda kimya, taa hakuna, mishumaa ya mezani tu. Bwana hakusita. Aliendelea kwa sauti tupu, akigonga mguu kwenye ubao wa jukwaa, na bibi akamfuata, na hapo ndipo nilipojua sauti ya bwana ni kubwa kiasi gani, na kwamba muda wote ule alikuwa ameibana kwa hiari yake. Taa ziliporudi waliingia na kinanda kwenye mdundo ule ule, hawakupotea hata nusu hatua. Nikapiga makofi kwa kusimama.

Lawama zangu ni kwa mkahawa. Spika ya kushoto imewekwa juu ya mlango wa jikoni, sijui nani aliamua hivyo. Kila mlango unapofunguliwa unasikia mashine ya kusagia juisi, na kila mhudumu anayetoka na sahani anapita mbele ya sauti. Spika hiyo ihamishwe kwenye nguzo ya pili, upande wa bustani, ielekezwe ndani. Ni kazi ya nusu saa, waya mita chache, na usiku mzima utabadilika. Pia kipaza sauti cha bibi ni cha zamani, kichwa chake kimebonyea, herufi za mdomo zinapasuka. Nilimwambia kijana wa zamu, "Kaka, mwambieni bosi anunue kingine, si ghali." Akaniambia, "Mzee wangu, tumeshamwambia." Basi namwambia mimi hapa, mbele za watu.

La pili ni ubao wa nje. Umeandikwa kwa chaki kwamba Jumamosi kuna muziki, pizza na mvinyo, kwa mpangilio huo, na majina ya waimbaji hayapo. Majina ya aina za pizza yapo yote. Mimi najua hoteli kadhaa za pwani hii zilivyokuwa zinafanya: mwimbaji analipwa sahani ya chakula, nauli ya tuktuk na kile wageni watakachotia kwenye kikapu, na msimu ukiisha anaambiwa tutaonana Julai. Sijui mkahawa huu unawalipa vipi wawili hawa na sitaki kuwasingizia. Lakini kuandika majina yao kwenye ubao hakuhitaji bajeti. Watu wanakwenda Jumamosi kwa ajili yao, na mwenye mkahawa analijua hilo akihesabu pesa zake usiku.

Chakula sasa. Pizza inaokwa kwenye jiko la kuni, unga mwembamba, kingo zimeungua kidogo inavyotakiwa. Mimi na mke wangu tulichukua moja ya mboga na moja ya dagaa wa baharini, shilingi 1,100 na 1,400. Saladi ya pweza ilikuwa laini, yenye ndimu ya kutosha, mke wangu akaimaliza kabla sijaonja vizuri. Maji ya ukwaju yametiwa sukari kupita kiasi. Aiskrimu ya embe ni ya hapa hapa, inaliwa. Wahudumu ni watu wazuri na wana adabu, ila Jumamosi hawatoshi, tuliingoja bili nyimbo tatu nzima. Unalipa kwa simu au taslimu, kadi ilikuwa inagoma.

Nakaribia kusahau jambo lililonifanya niandike haya yote. Karibu na mwisho, Waitaliano wengi wameshaondoka, wale wawili waliimba wimbo wao wenyewe, nusu Kiswahili nusu Kigiriama. Unasimulia mwanamke anayengoja upande huu wa mto Sabaki, maji yamejaa, mume wake yuko ng'ambo ya Mambrui na hawawezi kuvuka. Mke anaimba upande wake, mume anamjibu kutoka upande wake, na hawaimbi kwa pamoja hata mara moja mpaka ubeti wa mwisho, maji yanapopungua. Mashallah. Yale waliyojifunza kwenye nyimbo za watu wawili wa Puglia na Los Angeles wameyahamishia mtoni kwetu, na yamekaa kama yalikuwa ya hapa tangu zamani. Mdundo ni wa Kigiriama kabisa, kinanda kinapigwa kama kayamba. Kitu kinachokosekana ni rekodi. Nilimfuata bwana baada ya kazi, akiwa anakunja waya, nikamuuliza kama wameurekodi. Akasema, "Bado, mzee, tunakusanya kusanya." Nikamuuliza wameanza kuimba pamoja lini, akaniambia tangu walipooana, muda si mrefu kihivyo.

Nikamweleza hesabu ya wale wengine: kutoka wimbo wa kwanza wa pamoja mwaka 1970 mpaka Felicità ni miaka kumi na miwili, na hapo mmoja wao alikuwa tayari nyota. Na maisha yao baada ya hapo hayakuwa mepesi. Binti yao mkubwa, Ylenia, alipotea New Orleans mwaka 1994, na mwaka 1999 wao wenyewe wakaachana. Pamoja na hayo, 2013 walisimama tena jukwaa moja, Moscow, na watu wakajaa, na 2020 wakaonekana tena Sanremo. Bibi alikuwa anasikiliza huku anapanga karatasi zake. Akaniuliza, "Kwa hiyo baba, unasema tusikate tamaa?" Nikamwambia, "La, mwanangu, nasema mkarekodi huo wimbo wa mto kabla hamjaubadilisha." Studio za kurekodi sauti mbili na kinanda zipo Malindi hii hii, na kama kuna kijana mwenye studio anasoma hapa, aende akawasikilize Jumamosi moja tu. Asiwaongezee ngoma za kompyuta. Awape vipaza sauti viwili vizuri, awaache wasimame pamoja wakitazamana, na asizisawazishe sauti zao.

Kwa wanaotaka kwenda: mwezi wa Agosti, na kuanzia katikati ya Desemba, wekeni meza mapema kwa simu. Ombeni meza za upande wa bustani, mbali na jikoni. Kipindi cha masika wanapumzika, kwa hiyo ulizeni kwanza. Tuktuk kutoka mjini hazikosekani, na za kurudi husimama nje mpaka muziki uishe. Kikapu cha waimbaji kiko juu ya kinanda, si kile cha kaunta. Cha kaunta ni cha wahudumu, nao wanastahili chao. Na waombeni Ci sarà. Wanaijua vizuri mno, lakini hawaiimbi mpaka waombwe, kwa sababu inamchosha bibi, na wimbo wa mto waachieni wauimbe wenyewe wakati wao.